Askari Aliyefumba Kiganja

Leo, wapendwa, tunaingia tumboni. Aliyekunywa chai kabla ya ibada asiogope, tutapita pembeni.

Kulikuwa na askari mmoja, seli nyeupe ya damu, mdogo hata kwa miwani ya bibi humwoni. Aliishi ndani ya mama mmoja anayejua kupika. Kazi ya askari wa namna yake ni kulinda utumbo dhidi ya vijidudu, ila hawajichagulii lindo. Kwanza hupita kambini, kwenye tezi za tumboni, na mkufunzi humgonga kila mmoja alama kiganjani. Kisha huachiwa kwenye damu. Wakipita penye lindo, mkono hutoka ukutani. Ukikuta kiganja chenye alama ya pale, unakishika. Umefika kwako.

Askari wetu aliota utumbo mwembamba. Huko pilau bado ni pilau! Akisikia wenzake wakiisimulia, alimeza mate. Seli haina mate, najua, msinisahihishe.

Siku ya kugongwa alama alinyoosha kiganja, macho kayafumba. Kufumbua: utumbo mpana.

"Afande, hii umenipa ya mtu."

"Ni yako."

"Afande, si unajua kinachopita huko?"

"Najua. Na wewe utakizoea. Songa, wenzako wanasubiri."

Mbona mnacheka? Mzee wa kanisa hapo mbele, wewe huna utumbo mpana?

Basi akaingia kwenye damu. Kila alipopita utumbo mwembamba alinyoosha kiganja mpaka vidole vikamuuma. Mikono ya ukutani ikampapasa, ikamwachia. Hakuna aliyemfukuza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliwasikia walioko ndani wakiitana kwenye chakula, akaondoka na ile harufu mpaka ikamwishia njiani.

Na akipita utumbo mpana? Anafumba kiganja! Mkono unamtafuta, yeye kajikunyata katikati ya damu kama mwanakwaya aliyekosa mazoezi anapopishana na mwalimu wake.

"Kaka!" askari mmoja akamwita kutoka ukutani. "Fungua kiganja! Ukuta umechanika huku, niko peke yangu!"

"Napita tu, ndugu yangu. Mimi ni wa kule juu."

"Kule juu nani anakujua?"

Akakaza ngumi. Damu ikamzungusha tena, na tena.

Safari moja akafika utumbo mwembamba, akanyoosha kiganja, akanusa. Hakuna pilau. Hakuna hata mchuzi. Kimya kama jikoni kwa bachela.

Huko nje, wifi yake yule mama alikuwa amekaa kando ya kitanda na bakuli la uji.

"Wifi, onja basi. Kijiko kimoja tu."

"Siwezi, wifi yangu. Tumbo huku chini linanikata. Hata harufu siitaki."

Mmeona? Karamu aliyoililia tangu kambini imezimika. Imezimwa na nini? Na lindo moja tupu huko chini, lile lile ambalo alama yake alikuwa akiificha kiganjani.

Damu ilipompeleka utumbo mpana, alifungua. Mkono ukamdaka kabla hajamaliza kukunjua vidole.

"Umekawia," mwenzake akasema, akihema. "Haya, shika huku."

Ukuta ukaziba. Je, aliacha kutamani kule juu? Hapana. Mpaka leo hugeuza uso akatazama. Lakini siku moja kile kitu, kile mnachokijua, kikateremka tena hadi lindoni kwake, na yeye hakuziba pua. Alipiga kelele: "Mama amekula! Jamani, mama amekula!"

Sisi je? Tunafunga, tunakesha, tunalia, "Bwana, nipe nafasi!" Na nafasi tumeshapewa, tunaipita kila siku tumekunja ngumi. Wangapi hapa tunataka kushika kipaza sauti? Na nani anataka kumgeuza baba mgonjwa kitandani, kumfulia shuka, kumfuta? Kwa sababu baba huyo yupo, wapendwa. Amelala nyumbani kwa mmoja wetu sasa hivi, anasikiliza mlango.

Sisemi usitamani. Tamani! Hata mimi natamani. Lakini inua kiganja chako hapo ulipoketi, kifungue, kitazame. Usiniambie amina kwanza. Niambie ni nani anayekingoja.