Ngoja, Naongea na Mwanangu

Hiyo simu inayolia ni ya nani? Mzee Ilomo, ni yako? Usione haya, baba, pokea tu, tutakusubiri. Hupokei? Namba huijui? Basi izime uirudishe mfukoni. Hiyo namba usiyoijua imenikumbusha mama mmoja. Nilipanga kuwasimulia habari zake mwishoni mwa mahubiri, lakini naona amefika mapema.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeishi juu milimani, juu kuliko sisi hapa, kule ambako ukungu ukishuka, wewe unatoka nje na huoni jiko lako mwenyewe. Unasikia kuku, humwoni kuku. Unasikia mtu anakohoa barabarani, unamsalimia, naye anakuitikia, na hamjaonana. Watu wa kule wamezoea. Kwao sauti kutoka mahali pasipoonekana ni jambo la kila siku, na labda hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Mama huyu alikuwa mjane, na alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume. Mtoto huyo alizaliwa hasikii wala hasemi. Hakuwahi kutamka neno hata moja. Alipotaka kumwita mama yake alikuja kwa nyuma taratibu, akamgusa begani kwa vidole viwili, mara mbili. Basi. Mama akigeuka, mtoto anacheka. Hivyo ndivyo alivyoitwa mama miaka yote ile: vidole viwili begani.

Na kila usiku mama aliomba ombi lilelile. Hakuomba mali. Alisema, "Bwana, nisikie hata mara moja tu mwanangu akiniita mama." Ninyi akina mama mnanielewa. Kuna maombi mtu anayaomba mpaka yanakuwa kama pumzi, hata hakumbuki tena kwamba anaomba.

Kijana akakua, akaenda kufanya kazi ya kupasua mbao katika msitu ulio upande wa pili wa milima. Wenzake walilalamikia kelele za msumeno, yeye hakuwa na habari. Akanunua simu. Utauliza, bubu na simu wapi na wapi? Mama hakujua kusoma, na kijana hakupelekwa shule. Basi wakatumia njia ambayo ninyi wote mnaijua, maana mnanifanyia mimi kila siku: walibipiana! Kila jioni jua likizama, kijana alimbipu mama yake. Simu inaita kidogo, inakatika. Maana yake: mama, nipo, nimekukumbuka. Mama naye anabipu. Simu inatetemeka kwenye mfuko wa shati la kijana, anaisikia kifuani. Maana yake: nimepata, mwanangu, lala salama.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Hakukuwa na neno hata moja ndani yake, na hawakukosa hata jioni moja.

Sasa, kule mtandao haupatikani kila mahali. Kwa mama huyu ulipatikana chini ya upenu wa nyumba tu, pale ukutani. Alipigilia msumari, akaitundika simu kwa kamba fupi ndani ya kimfuko cha kitambaa. Akitaka kuongea anasimama pale, ameelekea ukuta, uwanja uko mgongoni kwake. Ukiitoa simu pale, mtandao unapotea.

Kisha zikaanza zile simu. Mnazijua. Ujumbe unaingia: "Ile hela itume kwenye namba hii." Hela ipi? Mwingine: "Hongera, umeshinda." Nimeshinda nini, na sijacheza? Mwingine anajiita mganga, anasema ameota jina lako. Mama alimwita jirani yake amsomee, na jirani akamwambia, "Dada, hao ni matapeli. Wasikuumize kichwa." Wakacheka pamoja. Mama hakuwa mjinga, ndugu zangu, naomba tuelewane hapo. Zawadi hazikumbabaisha. Waganga hawakumbabaisha. Hela hakuituma.

Lakini asubuhi moja ukungu ulishuka mzito, kila kitu cheupe, hata mgomba ulio mlangoni ulionekana kama mtu aliyejifunika shuka. Simu ikalia. Mama akasimama pale ukutani, akapokea.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mama jamani! Mwanao. Ina maana hata sauti yangu umeisahau?"

Hata sauti yangu. Yule tapeli alisema maneno ambayo huwaambia akina mama wote, hakujua ameyaangushia wapi. Mama alishika ukuta. Akasema polepole, kama mtu anayeogopa kujiamsha, "Mwanangu... unaongea?"

Kisha sauti ikasema, "Ndiyo, mama. Naongea."

"Umefunguliwa kinywa?"

"Nimefunguliwa, mama."

"Na masikio?"

"Na masikio. Nimeombewa, mama."

Mmeona? Mama mwenyewe ndiye aliyempa maneno, mtu yule akayaokota moja moja na kumrudishia. Mama akapiga magoti kwenye tope, chini ya upenu, analia na kucheka. Na mimi, kwa kweli, nikifika hapa namhurumia. Wewe ungefanyaje? Umeomba kitu tangu mtoto yuko mgongoni, halafu asubuhi moja kinatoka katika ukungu na kukuita kwa jina ulilotaka kuitwa. Ungesema, "Samahani, namba siijui"?

Jirani alikuja. Akasema, "Dada, ngoja kwanza. Tumtume mtu msituni akaangalie."

Mama akamtazama. "Kwani Mungu wako wewe hawezi?"

Jirani akajiendea zake. Jumapili mama akasimamishwa mbele kanisani, akatoa ushuhuda, ngoma zikapigwa, na mchungaji wao akawa wa kwanza kupiga makofi. Msinitazame hivyo. Na mimi ningepiga.

Tangu siku ile sauti ilipiga kila siku. Ilimwuliza mama amekula nini, mahindi yanaendeleaje, mgongo bado unauma? Ilikuwa sauti nzuri, nzito kidogo, yenye kuchekacheka. Mama aliacha jembe shambani, maziwa yalimwagika jikoni, alitembea kama mtu aliye ndani ya usingizi mtamu. Sauti ikasema madaktari wanataka kulikagua koo, nitumie chochote. Akamuuza ng'ombe wake mtamba na kutuma. Hilo silo lililoniuma. Mtamba ni mtamba.

Lililoniuma ni hili. Kila jioni jua likizama, simu ileile iliita kidogo, ikakatika. Kila jioni, kama zamani. Mama akaiambia sauti, "Mwanangu, mbona namba yako ya zamani bado inabipu?"

Sauti ikasema, "Mama, simu ile iliibwa. Huyo ni mwizi, anakutega. Usimjibu. Tena tafuta mtu akufungie hiyo namba isikusumbue."

Basi siku ya gulio mama aliiteremsha simu msumarini, akaenda nayo mpaka kwa fundi wa simu.

Fundi akauliza, "Mama, namba hii inakusumbua?"

"Kila jioni," akasema mama.

"Ya nani?"

"Ya mwizi."

Fundi akabonyeza, akamrudishia. Jioni ile jua likazama na simu haikuita. Mama akasema, "Afadhali."

Sasa tuvuke milima, twende kwa kijana.

Kule msituni kijana alibipu, akaiweka simu mfukoni, akangoja kifua kitetemeke. Hakikutetemeka. Kesho yake hivyohivyo. Akakaa jioni nyingi bila kujibiwa, akidhani labda mtandao, labda chaji. Mwishowe akadhani mama yake amekufa. Hakuwa na mtu wa kumwuliza wala mdomo wa kuuliza. Akaacha kazi yake, akaacha na ujira wake, akashika njia ya kupanda mlima. Alitembea ndani ya ukungu, na kila alipofika mahali penye mwinuko aliitoa simu akajaribu tena.

Alifika nyumbani asubuhi. Uwanja ulikuwa mweupe wote. Akauona moshi jikoni, akaona nguo zimeanikwa, na chini ya upenu akaona mgongo wa mama yake. Yuko hai! Amesimama ameelekea ukuta, sikio liko kwenye simu, anacheka.

Kijana akamwendea kwa nyuma, taratibu kama alivyofanya utotoni. Akamgusa begani kwa vidole viwili. Mara mbili.

Na mama, bila kugeuka, akainua mkono kama mnavyofanya mkiwa na simu, akasema, "Ngoja kidogo. Naongea na mwanangu."

Kijana hakusikia, bila shaka. Aliuona mkono tu. Akangoja. Alikuwa amezoea kungoja. Kisha akagusa tena, vidole viwili, mara mbili. Na safari hii bega lilikumbuka kabla ya kichwa kukumbuka. Mama akageuka.

Alikuwa anamtazama mwanawe usoni, na wakati huohuo simu sikioni inasema, "Mama? Mama, upo? Unanisikia?" Mdomo wa kijana umefungwa. Mdomo wa kijana unatetemeka kwa furaha, na umefungwa.

Mama akalia. Kijana akadhani ni furaha, akacheka, akamfuta machozi kwa kiganja chake kilichojaa utomvu wa mbao. Lakini mimi nawaambia, na Mungu anisamehe, nusu ya kilio kile haikuwa furaha. Mama yule alikuwa anaomboleza ile sauti. Mwanawe amekuja kwa miguu, amevuka milima, na kuja kwake ndiko kulikomwua yule mwingine aliyejua kuongea.

Kisha kijana akatoa simu yake mfukoni. Akaionyesha kwa mama, akaibonyeza, akanyoosha kidole kwenye simu iliyotundikwa ukutani. Walisimama pale wawili, wanaitazama. Haikuita. Akabonyeza tena. Haikuita. Kijana akamtazama mama yake akiuliza kwa macho: imeharibika?

Mama angemwambia nini? Kwa mikono yake ile angelielezaje, kwamba haijaharibika?

Ndugu zangu, nikiishia hapa mtakwenda nyumbani mkisema mchungaji leo ametuonya tujihadhari na matapeli wa simu. Sawa, jihadharini. Namba usiyoijua, usiipe siri zako. Akija na habari ya miujiza, tuma mtu msituni akaangalie kwanza, Mungu hakasiriki ukiangalia. Yule jirani hakuwa na imani haba, alikuwa na akili, na akili aliitoa Mungu yuleyule.

Lakini mimi nina neno na sisi, sisi tunaosema hatutapeliwi. Tapeli yule hakuvunja mlango. Aliingia kwa njia ya ombi. Tulitaka mume anayesema maneno mazuri, na nyumbani yupo mume asiyejua kusema, ila kila alfajiri anakupasulia kuni kabla hujaamka. Umeshamhesabu kuwa hana upendo. Tulitaka mtoto wa kujivunia mbele ya watu, na yule tuliyenaye ametukalia jikoni kimyakimya akimenya viazi. Tulitaka Mungu wa kutuambia kila asubuhi kwamba tutashinda, tutapanda, adui zetu wataanguka. Zipo sauti za kutuambia hayo, zinapiga hata mara tatu kwa siku, tena ni sauti nzuri. Na Mungu wa kweli amekuwa akitubipu kila jioni kwa jua lake linalozama mahali palepale, kwa pumzi inayoingia na kutoka. Nipo, nimekukumbuka. Tumempeleka kwa fundi. Tumesema anatusumbua. Siku anyamaze, tunasema afadhali!

Mnataka kujua mama yule alifanya nini? Nitawaambia, ni kidogo tu. Kabla kijana hajatoa simu yake mfukoni, aliikata ile sauti ikiwa bado inamwita mama. Hakuitukana. Aliikata tu. Kisha, simu ilipokataa kuita, akasimama tena kuelekea ukuta, mgongo kwa mwanawe, kama mwanzo, akaupapasa mkono wa kijana kwa nyuma, akauvuta mpaka begani kwake. Akangoja.

Na kijana akaelewa. Vidole viwili. Mara mbili.

Mama akaitika. Kwa sauti, kwa mtoto asiyesikia, akaitika: "Abee, mwanangu."

Sasa tukae kimya kidogo. Asiimbe mtu, asiombe mtu kwa sauti. Mzee Ilomo, simu yako iache imezimwa. Mfikirie mtu mmoja tu, yule aliyesimama nyuma yako muda mrefu, ambaye umemwinulia mkono ukamwambia ngoja. Bado anangoja. Geuka.