Nyumba Isiyo na Msumari

Mbacha ni mkeka uliokula chumvi nyingi. Umekatika pembe, umefifia rangi, na mgeni akibisha hodi unasukumwa haraka chini ya kitanda. Msala ni mkeka mzuri, laini, wa mtu anayepita nao njiani. Wahenga walipotuonya kuhusu mikeka hiyo miwili hawakuwa wakisifu uchakavu, maana nao walipenda vitu vizuri kama sisi. Walikuwa wakiuliza tu: huo msala ukishapita, wewe utalalia nini? Swali hilo liliwahi kuulizwa katika familia ya seremala mmoja, na jibu lake lilipatikana ukingoni mwa korongo.

Seremala mwenyewe alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Alimwachia mjane wake nyumba ya matofali, na watoto wawili wazima. Alipoijenga nyumba hiyo, korongo lilikuwa kijifereji ambacho mtoto hukiruka bila kuvua viatu. Lakini kila masika lilipanuka kidogo. Lilianza na bafu, likafuatia banda la kuku, pamoja na jogoo ambaye hakuwahi kumaliza kuwika. Sasa lilikuwa limefika nyuma ya chumba cha uani, mahali alipolala mama, na ukuta wa chumba hicho ulikuwa na ufa unaopitisha kiganja cha mkono. Mawingu ya masika mengine yalikwisha anza kukusanyika.

Kifungua mimba wa mama huyo alikuwa mkandarasi. Watu walimwita Kipya, kwa sababu hakuwahi kununua kitu kilichokwisha kuguswa na mkono wa mtu mwingine. Moyo wake ulikuwa mweupe, tusimwonee. Alikuwa amempatia mama yake kiwanja mlimani, akamwaga msingi wa vyumba vilevile alivyovizoea, akaagiza mbao mpya za paa, na kuzungumza na dereva wa tingatinga ili nyumba ya zamani isukumiwe korongoni iwe kifusi. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mama mwenyewe.

"Mimi siendi," alisema mama, akiendelea kuchambua mchele wake. "Nyumba hii aliijenga baba yenu kwa mikono yake. Mkitaka kuibomoa, ibomoeni nami nimo ndani."

"Mama, korongo halina heshima," alisema Kipya. "Halitabisha hodi."

"Basi na lije. Nitalikaribisha kiti."

Kipya akamgeukia dada yake kwa macho ya kuomba msaada. Dada huyu alikuwa fundi mwashi, na jina lake la utani lilikuwa Dodosa. Kuuliza maswali kulikuwa ugonjwa wake tangu utotoni. Aliwahi kuifungua redio ya baba yake apate kumwona mtu anayesoma habari, na kipigo alichopata siku hiyo hakikumponya. Aliposikia mama anakataa, alinyanyua ngazi, akapanda darini. Nia yake ilikuwa kutafuta boriti zilizooza, ashuke na kipande mkononi kama ushahidi, mama akose la kusema.

Huko juu hakuona uozo. Aliona boriti nyeusi, nene, ngumu kama mfupa. Alipitisha mkono kwenye maungio, akapitisha tena, halafu akakunja uso. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Ulimi wa boriti moja uliingia ndani ya boriti nyingine, na kigingi cha mti kikapenya katikati yake kuzibana. Kando ya kila ungio palikuwa na alama zilizochongwa kwa patasi: mkato mmoja hapa na mwenzake pale, msalaba hapa na msalaba pale. Na kulikuwa na jambo jingine lililomwasha zaidi. Boriti nyingi zilikuwa na matundu matupu, yasiyoshika kitu chochote.

"Mama," aliita kutoka darini, "baba alikosa hela ya misumari?"

Mama alicheka hadi akaweka ungo chini. "Hata mimi nilimuuliza. Akanijibu, msumari ni wa mtu asiyetarajia kurudi."

"Na haya matundu yasiyo na kazi?"

"Hayo yalikuwa na kazi huko yalikotoka. Palikuwa na ghala kuukuu linavunjwa, watu wakitaka kuzichoma mbao zake kama kuni. Baba yako akaziokoa. Kila alipokunywa chai hapa ndani alikuwa akisema, nyumba hii nimeiazima, siku moja itaendelea na safari yake. Mimi nilidhani ni maneno ya mzee tu."

Dodosa aliyarudia maungio. Alichukua nyundo ya mti, akagonga kigingi kimoja kwa upande wa nyuma. Kikatoka taratibu bila kuvunjika. Akashuka mbio hadi ukutani, akaparuza katikati ya matofali kwa ncha ya mwiko. Haikuwa saruji. Ilikuwa chokaa na mchanga, ikamomonyoka kama unga, na tofali likabaki zima. Marehemu hakuwa amejenga nyumba tu. Alikuwa amejenga nyumba inayoweza kufunguliwa.

"Mama, nyumba ikihama, utahama?"

"Nyumba ikitembea, nitatembea nyuma yake," alijibu mama. "Lakini siondoki chumbani kwangu mpaka nilione paa lake liko juu. Nimekwisha sikia ahadi nyingi za mafundi, na wawili kati yao niliwazaa mwenyewe."

Kipya alipoelezwa, uso ulimshuka. "Watu watasema nini? Mkandarasi mzima anamjengea mama yake nyumba ya mitumba?"

"Kwani hii uliyozaliwa ndani yake," aliuliza mama kwa upole, "ulidhani ilikuwa mpya?"

Hata hivyo Kipya hakuwa amekubali. Kilichomkubalisha ni zile mbao zake. Zilifika mlimani zikinukia vizuri, nyeupe, zimepangwa kwa kamba. Zilikuwa mbichi. Jua la siku chache tu liliziminya, zikajipinda kila moja na njia yake, na hakuna hata moja iliyokubali kulala sawa na mwenzake. Muuzaji alipotafutwa simu yake ilikuwa imezimwa. Kipya alizunguka lile rundo akiwa na mikono kiunoni, kisha akamwambia dada yake, "Haya, Dodosa. Tuifungue ya baba."

Kazi ikaanza. Walianza na nyumba ya mbele, wakakiacha chumba cha uani kilichokuwa na kipaa chake cha mabati, mama akiwa amekikalia kama kuku juu ya mayai. Majirani walijipanga mlimani, tofali likapita mkono kwa mkono, na utani nao ukapita pamoja na matofali. Mama alikaa kwenye kigoda akikwangua chokaa kwa kisu kuukuu, akiyasuta matofali yaliyokuwa na pembe mbovu. Milango na madirisha yalibebwa yakiwa mazima na fremu zake. Kuta zikapanda upya mlimani chini ya mwiko wa Dodosa, na ndoo ya vigingi vilivyong'olewa paani ikafunikwa kwa turubai kama yai la dhahabu. Ilibaki paa.

Hapo ndipo Kipya alipofanya kosa ambalo angeweza kulifanya yeye peke yake. Alitaka kumfurahisha mama. Bila kumwambia mtu, alizipakia boriti kwenye gari, akazipeleka kwenye mashine ya randa, akazirudisha zikiwa zimelambwa uchafu wote, zinang'aa kama zimetoka dukani.

"Zione sasa," alisema kwa fahari.

Dodosa aliziangalia, akageuza moja, akageuza nyingine. Akaketi juu ya matofali.

"Kaka, alama ziko wapi?"

"Alama zipi?"

"Alama za baba. Zilizosema hii inaoana na ipi."

Kipya alipapasa boriti moja, akapapasa nyingine. Alama zote alikuwa amezifuta. Boriti zililala pale, zote sura moja, na juu yao mawingu yalikuwa yamekuwa meusi. Kule bondeni mama alikuwa bado chumbani kwake, na asubuhi hiyo kipande kingine cha udongo kilikuwa kimeporomoka nyuma ya ukuta wake. Dodosa alitaka kulia. Alitaka pia kumtia kaka yake kofi, na kwa kuwa yote mawili yasingepandisha paa, alichukua kigingi kutoka kwenye ndoo.

Alichagua boriti mbili ovyo, akaziunganisha. Ulimi uliingia vizuri. Akapachika kigingi: kikafika katikati, kikakwama. Akabadilisha boriti, kikakwama tena. Kwa nini? Matundu yote yalikuwa na upana mmoja. Alilala kifudifudi, akaweka jicho moja kwenye tundu kama mtu anayechungulia jirani.

"Kaka, njoo uangalie. Tundu hili limekwenda upande."

Kipya alichuchumaa, akachungulia. Kisha akaanza kutabasamu polepole. "Baba alikuwa anatumia mkono wa kushoto," alisema. "Nilikuwa namshikia boriti akizungusha keke kutoboa matundu. Kila mara nilimwambia, baba, unakwenda upande. Naye ananijibu, nyamaza, ilimradi zote mbili zinakwenda pamoja."

Dodosa akakigeuza kigingi mkononi.

"Alitoboa zikiwa zimeunganishwa," alisema Dodosa. "Kwa hiyo kila tundu limepinda kwa namna yake, na mwenzake peke yake ndiye aliyepinda hivyohivyo."

"Basi kigingi ndicho kitakachotuambia."

Randa ilikuwa imekula ngozi ya boriti, lakini haikufika ndani ya matundu. Walianza kuzijaribu, kaka akishika na dada akipachika, kama wanaotafuta ufunguo wa mlango katika fungu la funguo. Kikikwama, wanabadilisha. Halafu kigingi kimoja kikapita moja kwa moja, kikatokeza kichwa upande wa pili, na Kipya akacheka kama mtoto aliyebahatisha kitendawili. Baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa aking'ang'ania, akichungulia kila tundu na kueleza, "Hili alichoka. Hili alikuwa na haraka." Ungedhani anasoma barua. Dodosa alimwacha aseme, maana hakuwahi kumwona kaka yake akidodosa kitu cha zamani kwa furaha namna ile.

Paa lilisimama, mabati yakafuata. Mama alipoliona kutoka bondeni, alitimiza neno lake: alibeba kigoda chake, akapanda mlima bila kushikwa mkono. Alipovuka kizingiti mlango ulilia mlio wake uleule wa miaka yote, naye akasimama kidogo akiusikiliza. Mvua ya kwanza ilianguka jioni ileile, nzito, ya kutisha. Kulipokucha walishuka wote watatu kutazama. Chumba cha uani hakikuwepo, na mahali kitanda cha mama kilipokuwa palikuwa na hewa tupu na maji mekundu yakipita chini. Kipya alimshika mama yake bega, akaogopa kuliachia.

"Mwanangu, unaniumiza," alisema mama.

Walirudi mlimani. Mama aliinua macho kwenye boriti zinazong'aa, akazitazama kwa muda mrefu. "Baba yenu hakuwahi kuziona zikipendeza hivi," alisema, na Kipya akainamisha kichwa ili machozi yake yasionekane. Wala hakuweka misumari. Alikuwa amechonga alama mpya kando ya kila ungio, kwa patasi ya baba yake, kwa ajili ya mtu mwingine atakayeifungua nyumba ile siku moja.

Zile mbao mpya zilizopinda alizifanya banda la kuku, na hata kuku waliingia humo kwa mashaka. Tangu hapo mteja akimwendea na kumtaka alete tingatinga, mkandarasi huyo haleti. Kwanza anaomba ngazi, anapanda darini, anapapasa maungio ya watu. Akishuka na vumbi nywelini humwambia: tulia kwanza tuone ulicho nacho, usiache mbachao kwa msala upitao.