Fisi Aliyeatamia Simu

—Paukwa!
—Pakawa!
—Palikuwa na moto?
—Ulikuwapo, ukatuachia jivu.
—Niseme au ninyamaze?
—Sema, ila usitie chumvi.

Nitatia kidogo, Mola anisamehe.

Hapo kale, si kale sana, Fisi alikuwa na kibanda cha kuchaji simu. Paneli ya sola ilikuwa moja tu nyika nzima, nayo ilikuwa yake. Simu za watu alizirundika sandukuni, hii juu ya ile, kisha akazifunika blanketi zito, eti zisipatwe na kijicho.

Akaja Digidigi. "Mzee Fisi, simu yangu inaunguza."

"Shukuru ipo."

Akaja Kobe. "Mzee Fisi, simu yangu imevimba."

"Shukuru ipo."

Akaja Nungunungu. "Mzee Fisi, yangu imekufa."

"Shukuru ilikuwapo."

Wakashukuru, wakaenda zao. Ndivyo tulivyo.

Akaja Kindi kuitazama yake. Mama yake alikufa kiangazi, na sauti ya mama ilibaki ndani ya simu ile tu: "Mwanangu, umekula?" Kindi akatia mkono sandukuni, akaurudisha mbio. Moto!

"Mzee Fisi, nitolee yangu."

"Haitoki mpaka ijae. Kaa chini, mkia wewe!"

Kindi akakaa. Akawaza. Akacheka kicheko cha uongo.

"Mzee wangu, kumbe nawe unaatamia?"

"Naatamia nini?"

"Simu! Hujaona zinavyovimba? Kinachovimba kina mimba. Ifunike, ilalie, utaona vitoto."

Mate yakamdondoka Fisi, cho! cho! cho! "Vingapi?"

"Inategemea mama. Kubwa kama yako, saba."

"Na hizi za watu?"

"Hizo zikizaa, wenyewe watadai watoto wao. Zitandaze mlangoni, kivulini, kwenye saruji ya baridi, mbalimbali, bila nguo. Simu ikipoa haizai."

Fisi mbio mbio akazitandaza. Zikapoa. Yake akaichomeka waya, akaikunjia blanketi mara mbili, akailalia kwa tumbo.

"Kindi, inapata joto!"

"Tulia, Mzee. Ndio uchungu."

"Kindi, inavimba!"

"Tulia, Mzee. Kinageuka."

Tss! Tss! Puu!

Blanketi likawaka, kibanda kikawaka, paneli ikapasuka pwaa! Fisi akatoka mbio, tumbo halina hata unyoya. Wanyama wakaokota simu zao mlangoni, baridi, hata moja haikuungua. Wakambeba Kindi juujuu.

Mimi niliposimuliwa, hapa nilicheka sana. Mungu anisamehe, yangu wakati ule ilikuwa inachaji chini ya mto wa kulalia.

Siku tatu Kindi alimsikiliza mama yake. "Mwanangu, umekula?" Siku ya nne simu ikazima. Nyika nzima hapakuwa na pa kuichaji. Akaipuliza, fuu, fuu. Akaisugua kifuani. Kimya.

Fisi akapita anachechemea.

"Haya, mjanja. Ichaji kwa mkia."

Kindi akaipuliza tena, fuu.

Ngano yangu imefika ukingoni. Palipo pazuri ni pa Mungu, palipoharibika ni pangu. Na funzo lake, wanangu, lishikeni: mwenye umeme hadanganywi. Akikuunguza, mpe shikamoo, umwambie ulikuwa unasikia baridi.