Chapati za Bwana Lukindo

Bwana Lukindo alialikwa kuwafundisha kidato cha tatu namna ya kutunza pesa. Mwalimu alipotoka tu, akageuza somo.

"Nipeni elfu kumi kumi, Ijumaa kila mmoja anapokea ishirini. Unatoa kidogo leo, unavuna nyingi kesho!"

Darasa likalipuka kwa vifijo. Wengine walishaanza kutaja simu watakazonunua. Ndipo Mwasiti akasimama, mpole kama maji ya mtungini.

"Shikamoo, mjomba. Tungeingia wote, ila hela zetu za mahafali anazo matroni, na yule mama ni mkali kama pilipili. Mgeni wa mikono mitupu hamsikilizi."

"Sasa nifanyeje?"

"Akisikia umetulisha, atafungua sanduku mwenyewe."

Lukindo akapiga hesabu: wanafunzi hamsini, laki tano! Akaagiza chapati, maharage na soda kutoka kantini, akalipa papo hapo, akichekelea hadi magego yakaonekana.

"Kuna wanaotaka chapati ya pili, mjomba."

"Waongeze! Waongeze!"

Walikula mpaka wakapiga mbweu.

"Unatoa kidogo leo," Mwasiti alisema huku akilamba vidole, "unavuna nyingi kesho. Haya, mfuate matroni bwenini."

Lukindo alizunguka shule nzima na mkoba wake mtupu, hadi akafika getini na kumuuliza mlinzi bweni liko wapi.

Mlinzi alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Bweni? Mzee, hii ni shule ya kutwa. Jioni kila mtu anakwenda kwao!"