Kinachoteremka ni cha Kiboko

Paukwa!
Pakawa.
Mvua ikinyesha?
Inateremka.
Ikiteremka?
Inabeba.
Inabeba nini?
Tuambie wewe.

Haya, sogeeni. Na wewe mwenye karanga, tafuna polepole, nataka nijisikie ninavyosema.

Palikuwa na mlima, na mlimani palikuwa na mteremko, na kwenye mteremko palikuwa na shamba la Mama Pimbi. Pimbi mnamjua, mnyama mdogo asiye na mkia, anayekaa penye mawe. Chini ya mteremko palikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa alikaa Bwana Kiboko. Huyo akipiga mwayo, unaweza kuegesha mkokoteni mdomoni.

Kila jioni Kiboko alitoka bwawani kwenda kula majani ya juu. Hakuzunguka. Alipanda moja kwa moja, gubu gubu gubu, tumbo likiburuzika, akakata shamba la Pimbi katikati. Akishiba alishuka palepale, gubu gubu gubu. Njia yake ikawa mfereji, mfereji ukawa korongo. Mvua ikinyesha, maji yalifuata korongo, shwaaa, mpaka bwawani, na udongo yameubeba.

Mwaka wa kwanza ulishuka udongo mweusi. Mwaka wa pili ukashuka udongo mwekundu. Mwaka wa tatu yakashuka mahindi yenyewe na mizizi yake. Pimbi alipima udongo uliobaki juu ya mwamba, akakuta kina cha kiganja chake, na kiganja cha pimbi ni kiganja gani? Masika mengine kama yale, watoto wake wangepanda mbegu kwenye jiwe tupu. Aliogopa sana, nawaambia kweli.

Akamwendea Kiboko, akamwomba apitie pembeni, kwenye mwamba. Kiboko alikuwa anatafuna mahindi yaliyoteremka. Tena alikuwa ameziba mlango wa bwawa kwa magogo na tope, ili hata tone lisimtoroke kwenda mtoni.

"Sikiliza, Pimbi," alisema. "Kinachoteremka ni changu. Maji ni yangu. Udongo ni wangu. Hata wewe ukiteleza, u wangu."

"Kinachoteremka ni chako, mkubwa wangu," alijibu Pimbi. "Nimesikia, na majirani wamesikia."

Alirudi nyumbani, akakaa akafikiri. Kiboko hafuati macho. Kiboko hafuati masikio. Kiboko anafuata mdomo, na mdomo ukienda kulia, tumbo nalo linakwenda kulia.

Vuli ilipokaribia, Pimbi alichukua kata ya kuchotea, akatia maji, akaiweka chini. Maji yakiegemea ukingo mmoja, alisogea. Maji yakitulia sawasawa, alipanda mbegu ya boga. Akasogea, akaweka kata, akapanda boga. Akasogea, akaweka kata, akapanda boga. Akakatiza mteremko kutoka mwamba hadi mwamba kwa mstari usiopanda wala kushuka. Chini yake akapanda mstari wa pili, na chini yake wa tatu.

Maboga yakaiva, manene, ya manjano. Pimbi akarudi bwawani, macho chini.

"Mkubwa wangu, mlima wote ni wako. Naomba kitu kimoja tu, usiguse maboga yangu."

Mnaona wenyewe. Jioni ileile Kiboko alipanda kupitia kwenye mwamba, pembeni kulekule alikokataa kupita, maana ndiko mistari ilikoanzia. Gubu, kwaju. Gubu, kwaju. Hatua moja, boga moja. Mstari wa kwanza ukiisha, anageuka kwenye wa pili. Asubuhi Pimbi alilia kwa sauti ya kufika bwawani. Kiboko akaona raha, na jioni akarudi. Maboga yalipopungua, Pimbi aliongeza mengine kutoka ghalani, kisha akalia zaidi.

Miguu ikachimba, kila mstari ukawa mtaro. Tumbo likasukuma udongo upande wa chini, ukawa tuta. Pimbi akaotesha mkonge juu ya tuta, maana mkonge hata mlafi huuacha. Korongo la zamani, ambalo Kiboko alikuwa amelisahau, akalijaza mawe.

Masika yakaja. Bu, bu, bu. Maji yakashuka mbio, yakatumbukia mtaroni, tii, yakakaa. Yakizidi, yanaangukia mtaro wa pili, tii, yanakaa. Udongo ukayanywa polepole, na mahindi ya Pimbi yakasimama.

Bwawani mambo yakawa mengine. Maji mapya yalikuja kidogo, ya zamani yamefungiwa. Jua likayanywa, na jua linakunywa maji, halinywi chumvi. Ukingo ukawa mweupe. Nyasi zikakauka. Ngozi ya Kiboko ikamwasha mpaka akajikuna kwenye magogo yake mwenyewe.

Akapanda mlimani kwa hasira, akawaita majirani, akamshtaki Pimbi kwamba amechimba mitaro na kumwibia maji. Akainua mguu ili avunje matuta yote. Watoto wa Pimbi walijificha maweni.

Kanga, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa, akauliza, "Hizi nyayo mtaroni ni za nani? Kila moja kama sufuria ya harusi."

Majirani wakatazama nyayo, wakatazama mguu uliokuwa hewani. Ulikuwa uleule.

"Na hii chumvi inayonichoma je?" alisema Kiboko.

"Imetoka mlimani pamoja na maji, mkubwa wangu," alisema Pimbi. "Kinachoteremka ni chako. Vunja matuta, nikuletee nyingine."

Mguu ukashuka taratibu, pembeni ya tuta.

Pimbi akamwambia azibue bwawa, chumvi iende zake mtoni. Kiboko alishuka, akageuka, akasukuma magogo kwa makalio, pwaa. Kiangazi kilipokaza, maji yaliyonywewa na mteremko yalitokea chini ya mwamba, chiri chiri, matamu. Kiboko akayanywa, kisha akamwambia kila mpita njia kuwa ile mitaro kaichimba yeye. Nao ukweli ndio huo.

Mpaka leo mitaro ikijaa tope, Pimbi anapanda maboga, anakwenda bwawani, macho chini.

Funzo lake, wanangu: kuleni bila kiasi, tena vya watu. Bila walafi, nani angetuchimbia mitaro?

Mvua ikinyesha?
Inateremka.
Basi na hadithi yangu imeteremka, imewafikia hapo mlipokaa.
Kinachoteremka?
Ni chetu.
Kibebeni.