Sahani ya Jirani wa Kwanza

Ng'aa, ng'aa, kama ukucha unaogonga kaure, ndiyo sauti iliyomwamsha Mwanashee usiku wa manane katika mji wa Shangavu, enzi za Sultani Mwinyi Nuru, na mwanawe Zuweni alikuwa kifuani amelala, na mumewe Awadhi ubavuni amelala au anajifanya amelala, na sauti yenyewe ilitoka kwenye sahani ya buluu iliyopachikwa kwa chokaa juu ya mlango, na haikuwa mara ya kwanza, ila usiku huo ilimtisha zaidi kwa kuwa kesho yake mtoto angeonjeshwa uji.

Na habari ya uji ni hii. Babu wa nyumba hiyo, Karama, alikuja Shangavu kutoka nchi ya mbali ya Wadi Sumri, furushi la udi mgongoni, hamjui mtu wala hajulikani, akauza, akatajirika, akaoa, akamzaa Faraji, na Faraji alikuwa mtoto wa kelele mpaka alipoonjeshwa uji, na tangu siku hiyo hakutoa sauti tena mpaka akaingia kaburini. Faraji akamzaa Awadhi, na kwa Awadhi yakawa yale yale. Na Sultani akawapenda mabubu hao kuliko wafanyabiashara wote wa mji, kwani zawadi zake za siri aliwapa wao wazipeleke, marashi kwa huyu, udi kwa yule, na siri haikutoka, na nyumba ikapanda ghorofa, na milango ikapigwa misumari ya shaba, na hakuna jirani aliyewahi kukanyaga kizingiti chake.

Mwanashee alizaliwa mtaa wa pili tu, na tangu aolewe humo alikuwa akiuliza mwenyewe na kujibu mwenyewe, mpaka akazaa, na sasa mtoto akisema "baa, baa" yeye humjibu kama mtu mzima, na mwenye mtoto atajua alivyokuwa akizisikiliza hizo baa.

Asubuhi akamfuata mkwewe, Bi Salume, jikoni.

"Mama, tungoje kidogo na huo uji."

"Tungoje nini? Mtoto ana njaa."

"Atapoteza sauti."

"Na akipoteza? Marehemu Faraji hakunitukana hata siku moja. Wangapi mjini humu wataapa hivyo? Ukimya ndio uliojenga ghorofa hii unayoilalia, mwanangu."

"Wala hakukuita jina lako, mama."

Bi Salume akakoroga uji, akakoroga.

"Na ile sahani ilitoka wapi?"

"Alipewa Karama. Jioni aliyofika, hata mkeka hajatandika, akaja mama mmoja kutoka hapo pembeni, kwenye gofu, na sahani hiyo, mkate wa sinia juu yake, akamwambia karibu jirani."

"Ikarudishwa na nini ndani?"

"Irudishwe? Kwao Wadi Sumri zawadi ikirudi ni tusi. Aliipachika mlangoni ili kila aingiaye aone heshima aliyofanyiwa."

Mwanashee akashtuka, kwa sababu Shangavu hata mtoto anajua kwamba sahani ya jirani hurudishwa, na ndani hutiwa kitu, hata ndimu mbili, na anayeizuia ni kama amesema sitaki ujirani na wewe.

"Mama, lile gofu limekuwa gofu tangu lini?"

"Tangu kabla ya Karama," akasema Bi Salume, kisha akasikia alichokisema, na mwiko ukamsimama mkononi.

Mwanashee akapanda kiti na kisu mkononi, akaanza kukwangua chokaa, na Bi Salume akipiga kelele kwamba ataiangusha nyumba, na Awadhi akaja kutoka dukani, akatazama, akainama akamshikia kiti. Sahani ikatoka nzima. Mwanashee akaiosha, akakaanga kaimati, akaijaza, akamfunga mtoto mgongoni maana aliogopa kumwacha karibu na uji, akaenda kwenye gofu.

Akakuta mlango mahali pasipokuwa na mlango, na ndani jini mwanamke, kichwa kimegusa boriti, ameketi dirishani.

"Karibu, ewe mke wa Awadhi bin Faraji bin Karama," akasema jini. "Nimeketi hapa enzi za masultani watatu, nikisema leo watakuja, kesho watakuja. Kwani mkate wangu haukukolea sukari?"

"Ulikolea, bibi. Karama hakujua kwamba sahani inarudishwa. Alikuwa mgeni, hana wa kumwambia."

"Wa kumwambia nilikuwa mimi. Nami nikimgongea kila usiku."

"Labda alidhani panya."

Mwanashee akajuta kufungua kinywa.

"Nikachukua rehani, sauti ya kila mtoto wao aonjapo chakula," akasema jini, "ili waje kuidai, tuonane. Hawakuja. Wakaufanyia biashara ukimya wao."

Akala kaimati moja, akafumba macho. Kisha akatoa vitungi viwili. "Hiki cha mumeo. Hiki mwenyewe amekufa, na sauti yake ndiyo iliyokuwa ikinipa mazungumzo."

"Yupo anayeingoja, bibi. Mazungumzo nitakuletea mimi."

Na kitungi cha Faraji kilipofunguliwa mlangoni pao, ikatoka sauti ya mwanamume, ikasema "Salume" mara moja tu, upepo ukaichukua. Bi Salume akaketi kizingitini na mwiko wake. Alipoinuka alimlisha mjukuu uji yeye mwenyewe, na mtoto akameza, wakangoja, na mtoto akasema baa, akalia kutaka mwingine.

Sultani alipopata habari alihamishia siri zake kwingine, na nyumba ikaishi kwa wanunuzi wa kawaida, ambao waliingia wakaketi, na sahani ikawa inakwenda na kurudi, nao hawakupungukiwa kitu. Na faida ya hekaya hii ni kwamba mgeni aulize, na jirani asichoke kugonga.

Lakini siku ile Awadhi alipofunguliwa kitungi chake, alishinda kimya mpaka taa zikazimwa.

"Niliisikia sahani," akasema gizani, kwa sauti iliyokwaruza. "Kila usiku, tangu utotoni. Nikiogopa, na sina wa kumwambia."

Mwanashee akamtafuta mkono.

"Usimwambie mtu kwamba niliogopa."

"Umeniambia mimi," akasema Mwanashee, "na mwingine sitamwambia."