Mtama Unaopumua

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika na kugombana kama sisi, aliishi Mama Kindi, mjane. Jirani yake alikuwa Ngiri, pande la mtu, meno nje. Kila mavuno Ngiri anakuja, anazoa kihenge chote cha mtama. Mwaka uliopita kitinda mimba wa Kindi alikufa kwa njaa. Jamani! Walimzika tumbo limeshikana na mgongo.

Safari hii Kindi hakuweka mtama kihengeni. Alichimba shimo refu, akaumwaga humo na unyevunyevu wake, akaziba mdomo kwa udongo, ndi!

Siku kadhaa zikapita, Ngiri huyo. "We kibibi! Mtama uko wapi?"

"Humo shimoni, shemeji. Lakini usiingie leo."

"Kisa?"

"Mtama uko hai. Kila punje inakula utamu wake yenyewe, inavuta hewa, inapata nguvu ya kuishi, inatoa joto na pumzi iliyochoka. Kama wewe tu, ndiyo maana mwili wako una moto. Sasa humo zinapumua punje nyingi na mlango umezibwa. Hewa zimeimaliza."

"Kwa-kwa-kwa!" Ngiri akacheka. "Mtama una pua?"

Akavunja udongo kwa meno, kacha! Joto likamgonga usoni.

Kindi akateremsha kibatari kwa kamba. Fu! Kikazimika.

"Umekizima kwa mkia wako, mchawi we!"

"Haya. Nenda nyumbani, kesho nitakuchotea mwenyewe."

Kindi alimjua Ngiri: ukimwambia kaa, anasimama.

"Kesho! Ili usiku uuhamishe? Mjinga mwenyewe!" Akaruka ndani, puu!

Kindi na wanawe wakamsikia anatafuna, koro-koro. Halafu anahema, hu-hu-hu.

"Kindi... mbona miguu haina nguvu? Na nimekula..."

"Chakula unacho tumboni, shemeji. Hewa ya kukichoma ndiyo huna."

Kishindo kimoja, tifu! Na kuhema kukakoma.

Watoto wakataka kuchungulia. Kindi akawavuta mikia, akawarudisha nyuma.

Jioni akaja mke wa Ngiri na wanawe, kapu tupu kichwani.

"Mama Kindi, baba yao katuambia tuje tubebe mtama. Yuko wapi?"

Kindi akatazama chini. "Nilimwambia asiingie," akasema. Na kweli, alimwambia.

Basi wajukuu zangu, mnyang'anyi hata ukimpa ukweli anauona hila, na hapo ndipo anaponasa.